Vitafunio Vinavyostahimili Kungoja: Kuonja Tamashani, Kuandaa Kwa Sherehe

Tamasha la Utamaduni la Lamu likifika, wageni huja kutazama mbio za punda na mashindano ya mashua. Mwenyeji akikuambia anashuka Mkunguni, mara nyingi tumbo ndilo linalomtuma, na harufu ya mishkaki humpokea kabla hajafika. Mombasa nako hakungoji tamasha. Mwezi wa Ramadhani, alasiri ikishaswaliwa, vichochoro vya Mji wa Kale hujaa meza za sambusa, katlesi, kaimati na viazi vya karai. Jioni yoyote ya kawaida ukienda Mama Ngina utapata mihogo ya kukaanga, achari ya maembe na madafu.

Makala haya ni ya mtu mwenye shughuli mbele yake, iwe arusi, akika, mahafali ya mtoto au mkutano wa jamaa, naye ataka kupika vitafunio mwenyewe, au walau ajue anachoagiza. Pahali pazuri pa kujifunzia ni tamashani. Meza ya tamasha na meza ya sherehe zina shida moja: chakula hupikwa kwa wingi, huwekwa nje kwenye joto letu la Pwani, huliwa na mtu aliyesimama na mkono mmoja tu ulio huru, na aghalabu huliwa muda mrefu baada ya kutoka kwenye mafuta. Kitafunio kinachofaulu mtihani huo tamashani kitafaulu na nyumbani kwako. Kikifeli huko, usikipelekee wageni.

Nalisema hili kwa sababu ya sinia ninazoziona siku hizi. Shughuli nyingi zimehamia kwenye zile ziitwazo "baitingi": soseji zilizokatwa vipande na kuchomwa vijiti, na kuku wa kugandishwa aliyevishwa makombo ya mkate. Sina ugomvi na soseji, na watoto wazipenda. Lakini soseji ikishapoa mafuta yake huganda na hakuna anayerudia ya pili. Mwenye shughuli amelipa bei kubwa kwa chakula ambacho hakikuumbwa kungoja, na huku mtaa wa pili yuko mama ajuaye kusukuma manda ambaye hakuna aliyempigia simu.

Kipi ni cha asili?

Kila tamasha huwa na ubishi huu, basi tuumalize haraka. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331, aliandika jinsi alivyokirimiwa Mogadishu kabla ya kufika Mombasa na Kilwa: wali wa samli na mchuzi juu yake, na pembeni ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe, ambavyo walaji walivifuatisha baada ya kila tonge. Hiyo achari bado iko mezani kwetu. Sambusa jina lake ni la Kiajemi, lililopitia kwa Waarabu. Kaimati ni ndugu wa lugaimati za Ghuba, mishkaki yajulikana Omani, bajia ni ya Wagujarati, na katlesi ni neno la Kiingereza lililovishwa kanzu. Viazi, mihogo na pilipili kali zote zilitoka bara la Amerika, kwa hiyo hazikufika huku ila baada ya mwaka 1492. Kiazi cha karai ambacho twakiita chetu ni kigeni kuliko tangawizi. Haidhuru. La kuuliza ni nani akipikaye vizuri.

Kuonja kwa mpango

Zunguka meza zote mara moja bila kununua kitu. Tazama wanawake watu wazima wa mji wamesimama wapi, maana wao hawapotezi pesa. Kisha nendeni watatu au wanne, mnunue kimoja kimoja na kugawana. Mtu mmoja hawezi kuonja aina kumi. Baada ya ya tano ulimi umelala na kila kitu ni chumvi na mafuta.

Anza na visivyo na ukali, kama bajia za kunde na katlesi, kisha sambusa, kisha mishkaki na vyenye ukwaju, na pilipili iwe ya mwisho kabla ya vitamu. Vitumbua, kaimati na visheti vifuate baadaye, na halwa imalize kwa kikombe cha kahawa chungu. Katikati kunywa maji matupu, si soda. Pilipili ikikuzidi, maji hayatakusaidia kwa kuwa ukali wake hauyeyuki kwenye maji. Chukua maziwa, mtindi au kipande cha mkate.

Tonge la kwanza la kila kitu lile bila kuchovya. Chatini nzuri huficha dhambi nyingi, na wapishi walijua hilo.

Halafu fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Kile kilichokupendeza, nunua kingine, kifunge kwenye karatasi, tembea nacho nusu saa, ndipo ukile. Hapo ndipo utakapojua cha kupika. Sambusa iliyofungwa vizuri bado italia mdomoni. Katlesi itakuwa imepoa lakini laini na tamu vilevile. Bajia za kunde zitapoteza ukavu kidogo, si vibaya. Viazi vya karai vitakuwa vimelegea, ngozi yake imenywea, na hii ndiyo sababu huviona vikikaangwa papo hapo na muuzaji hathubutu kuvirundika. Mishkaki itakuwa imekauka. Kitumbua kilichopikwa sawasawa hakijali kitu: cha asubuhi huliwa magharibi.

Kuhusu kuuliza. Msalimie mpishi kwanza, "Shikamoo mama", na usimuulize ametia nini. Atakutajia viungo vitatu na kukuficha cha nne, na ni haki yake, ndiyo riziki yake. Muulize alianza kupika saa ngapi, na kipi alikiandaa jana. Maswali hayo mpishi huyajibu kwa furaha kwani hakuna amuulizaye, na jibu lake ndilo utakalolihitaji jikoni. Utagundua kwamba karibu kila kitafunio kizuri kilianza siku ya kwanza: kunde zililoweshwa usiku, manda zilikatwa mchana uliotangulia, nyama ilipikwa ikapoa.

Kabla hujatia mdomoni

Tazama karai. Mafuta yaliyokuwa meusi, yanayotoa povu na moshi, yamechoka, na chochote kitokacho humo kitakukaa tumboni. Tazama pia kama kilichopikwa kimewekwa mbali na kibichi, na kama mkono unaopokea pesa ndio huohuo unaoshika sambusa.

Kwa mwenye kuandaa sherehe, saa ni muhimu kuliko viungo. Kanuni ya usalama wa chakula ni kwamba chenye nyama, yai, samaki au maziwa kikae moto wa zaidi ya nyuzi 60, au kisikae nje zaidi ya saa 2. Joto la hewa likipita nyuzi 32, saa 2 hizo huwa saa 1. Mchana wa Februari au Machi Mombasa hufika huko bila taabu. Kwa hiyo usitoe sinia zote kwa pamoja. Toa kidogo, zikiisha utoe nyingine. Ukiwaza kutengeneza vitu vya meyonizi kwa sherehe ya uwanjani, waza tena. Na kama kuna kashata au chochote chenye njugu, mwambie anayepitisha sinia awaarifu watu, hasa wenye watoto. Wako ambao njugu moja huwapeleka hospitali.

Hesabu

Kama biriani au pilau inafuata, piga vitafunio 4 hadi 6 kwa kila mtu. Kama vitafunio ndivyo chakula chenyewe, 10 hadi 12. Wageni 50 wanaongoja biriani watamaliza kama 250. Gawanya kwa aina nne, si nane: sitini na kitu kila aina. Aina nane zapendeza kwenye picha, lakini jikoni ni mafuta manane ya kuangalia na kila kimoja kinatoka nusu nusu. Chagua kimoja cha nyama, kimoja cha kunde au mboga, kimoja cha viazi na kimoja kitamu. Utakuwa umemshika kila mgeni, hata asiyekula nyama.

Sambusa

Hii nitaiandika kwa urefu, kwa kuwa manda za dukani zimewafanya vijana wengi waamini kwamba manda hazifanyiki nyumbani. Za dukani zinafaa ukiwa na haraka. Za nyumbani ni rahisi kwa bei, na hubaki kavu muda mrefu zaidi kwa sababu wewe ndiye uliyeamua unene wake.

Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, kijiko kidogo cha chumvi na vijiko viwili vikubwa vya mafuta. Kanda kwa maji kidogo kidogo, kikombe kimoja na ushei, mpaka donge liwe laini lisilogandana na mkono. Funika nusu saa. Kata madonge 16. Sukuma kila moja lifikie upana wa kisahani, lipake mafuta juu na ulinyunyizie unga, kisha pandanisha manne manne. La juu kabisa lisipakwe kitu. Sasa sukuma ule mpandano wote kwa pamoja mpaka uwe mpana kama sahani kubwa ya kulia. Weka kwenye chuma cha chapati kikavu, moto mdogo. Geuza mara tu upande unapobadilika rangi. Usingoje madoa ya kahawia, maana ikiiva itavunjika ukiikunja. Itoe na uzibandue zote nne ingali moto, zikipoa zitashikana. Kata kila moja robo nne, uzifunike kwa kitambaa. Nusu kilo hiyo yakupa manda 64, ambazo ndizo hesabu yetu.

Nyama ni kilo moja ya kusaga isiyo na mafuta mengi. Itie thomu na tangawizi zilizopondwa, pilipili mbichi, chumvi, pilipili manga, bizari nyembamba kijiko kidogo na maji ya ndimu mbili. Ipike bila maji wala mafuta, ukiivunjavunja kwa mwiko, mpaka ikauke kabisa. Ikauke kweli. Sambusa nyingi huharibika hapa: maji yakibaki ndani hugeuka mvuke, mvuke hupasua manda au huilegeza dakika kumi baada ya kutoka kwenye karai. Vitunguu nusu kilo vikatwe vidogo vidogo, vitiwe chumvi, vikamuliwe kwa mkono, na vichanganywe na nyama pamoja na fungu la dania baada ya nyama kutoka motoni na kupoa. Kitunguu kilichopikwa pamoja na nyama huwa tope. Kilichotiwa mwisho hubaki na sauti.

Kunja manda kama kifuko, tia kijiko cha nyama, funga kwa uji mzito wa unga na maji. Angalia ile ncha ya chini, kwani kitundu cha ukubwa wa punje ya mtama chatosha kunywesha sambusa mafuta. Kaanga kwenye mafuta mengi, moto wa kadiri. Mafuta yakiwa makali mno, manda hupata rangi nje na ndani hubaki unga mbichi.

Ukizitoa, zisimamishe kwenye chujio, zisilaliane, na usizifunike kwa sufuria wala karatasi ya fedha. Sijui ni nani aliyetufundisha kuzifunika "zisipoe". Mvuke wake wenyewe ndio unaozilowesha. Sambusa ya vuguvugu na kavu hushinda ya moto iliyolegea.

Katlesi, bajia na wenzao

Katlesi zataka jambo moja tu, viazi vikavu. Vichemshe na maganda yake, vimenye vingali moto, uviponde papo hapo na kuviacha vitoe mvuke. Kilo mbili za viazi na kilo isiyozidi tatu kwa nne ya nyama iliyopikwa kama ile ya sambusa hutoa kama sitini ndogo. Nyama uifiche katikati au uichanganye, kila nyumba na dini yake katika hili. Chovya kwenye yai lililopigwa, kaanga kwenye mafuta ya moto haraka, kwa sababu ndani kumeshaiva. Mafuta yakiwa baridi katlesi hufunguka, na ikishafunguka haina dawa.

Bajia za kunde ndizo za bei nafuu kuliko zote na sioni sababu zikose kwenye sherehe. Lowesha kunde zilizoparazwa usiku kucha, zisugue maganda yaelee uyamwage, kisha uzisage na thomu, pilipili na chumvi kwa maji machache kadiri mashine itakavyokubali. Siri iko baada ya kusaga: upige unga ule kwa mkono dakika kadhaa mpaka uwe mwepesi. Hiyo hewa ndiyo inayofanya bajia isiwe jiwe. Tia dania, chota kidogo kidogo, kaanga. Huliwa na chatini ya nazi. Chatini hiyo ya nazi mbichi huchacha haraka kuliko kitu chochote mezani, kwa hiyo itengenezwe mwisho na iwekwe mezani kwa vibakuli vidogo.

Mchuzi wa ukwaju, kinyume chake, huvumilia kwa sababu ya ukali wake. Lowesha ukwaju kwenye maji ya moto, uuchuje, uchemshe na chumvi, pilipili na sukari kidogo mpaka ushike kijiko. Upike siku moja kabla na utakuwa bora zaidi.

Mishkaki nasita kuipendekeza, ila kama una mtu atakayesimama kwenye jiko la makaa tangu mgeni wa kwanza hadi wa mwisho. Ukiwa naye, kata nyama ndogo ya tonge moja. Kwa kilo moja kijiko kimoja cha papai bichi lililokunwa chatosha, kwa saa 2 hadi 4. Ukiiacha usiku kucha papai huila nyama mpaka iwe kama uji. Vijiti vya mti viloweshe majini nusu saa visiungue.

Kwa kitamu, kaimati hupendeza lakini zina tabia yake: ukizitia shira mapema hushikana donge moja. Zikaange asubuhi, na shira yenye iliki uivike muda mfupi kabla ya kuzitoa. Sherehe ya mbali na nyumbani, chukua vitumbua au visheti, havitakuaibisha njiani.

Ukiamua kuagiza

Si kila mtu ana nafasi ya kukaanga vitafunio 250, na hakuna aibu kumpa kazi mwenye kazi yake. Lakini mpe siku zake. Mama anayepikia nyumbani hununua unga, nyama na mafuta kwa mfuko wake, kwa hiyo umlipe sehemu kubwa mapema, na mabadiliko ya hesabu yamfikie kabla hajakatakata nyama. Kuna tabia mbaya ya kuagiza 300 na kuchukua 200 eti wageni wamepungua. Zile 100 zinabaki kwake, na ndiyo faida yake yote. Mwulize pia kama atakuletea zimekaangwa au mbichi. Mbichi ni bora kama jikoni kwako kuna mtu.

Sambusa mbichi hukaa vizuri kwenye friza. Zitandaze kwenye sinia zisigusane mpaka zigande, ndipo uzitie kwenye mfuko. Siku ya shughuli zitoe zikaangwe zikiwa bado barafu, bila kuziyeyusha, chache chache kila mara na kwa moto mdogo kuliko wa zile za kawaida, ili ndani pashike moto kabla nje hakujakuwa kahawia. Ukiziyeyusha kwanza, manda hunywa maji na kupasuka kwenye karai.